Figo zenye baridi, pua yenye damu: jibu kwa mwanafunzi wa Harbin

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni binti wa Tanga, nasoma Harbin, kaskazini mashariki mwa China, mwaka wa pili huu. Mwaka jana baridi ilinitesa sana: mafua yakiisha yanaanza mengine, na vidole vya miguu havikupata joto hata ndani ya mablanketi mawili. Mwaka huu mama wa mwenzangu wa chumbani akaniambia figo zangu zimeingiwa na baridi, niongeze joto mwilini. Tangu Novemba nakula nyama ya kondoo karibu kila siku, nakunywa chai kali ya tangawizi asubuhi na kabla ya kulala, na ameniletea kopo la ejiao, dawa yao ya kujenga damu. Sasa ni Januari: natokwa damu puani, mdomo umejaa vidonda, choo kigumu, usingizi sipati, na mafua yamerudi vilevile. Je, hizi dawa za Kichina hazitufai sisi Waafrika? Na hiyo ejiao niendelee nayo?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Pole kwa baridi, na pole zaidi kwa huo moto uliojiwashia.

Nianze na hilo la Uafrika, maana naulizwa mara nyingi. Kama utotoni uliwahi kuugua malaria ukapewa dawa mseto, basi ulishameza kitu kilichotoka kwenye dawa za Kichina. Artemisinini ilipatikana kwenye mmea wa qinghao kwa kazi ya Tu Youyou na wenzake miaka ya 1970, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Mwili wako haukuuliza dawa ile kabila gani. Na haya yanayokupata sasa yangempata binti yeyote wa Beijing ambaye angekula kama ulivyokula wewe. Wenyewe wana jina lake, shanghuo, "kupanda moto": vidonda mdomoni, koo kavu, choo kigumu, usingizi wa mang'amung'amu. Muulize mwenzako wa chumbani, atacheka kwanza, kisha atakuambia hata bibi yake humpata.

Shida yako ni kwamba umepewa ushauri wa watu waliolala nyumba za baridi, nawe unalala nyumba ya joto.

Ngoja nikueleze ushauri wenyewe umetoka wapi. Kitabu kikongwe cha tiba ya Kichina, Huangdi Neijing, chenye umri wa miaka elfu mbili na ushei, kinaiita miezi mitatu ya baridi kali wakati wa kufunga na kuweka ghalani. Maji yanaganda, ardhi inapasuka, na binadamu naye anatakiwa atulie: alale mapema, achelewe kuamka, asubiri jua litoke, akae penye joto, na asiiache ngozi yake imwage jasho. Yang, yaani lile joto la uhai, huwa limeshuka chini kabisa mwilini kama mbegu iliyofukiwa, na mahali pake pa kufichwa ni figo. Ndiyo maana majira ya baridi na figo hutajwa pamoja. Soma maneno hayo tena taratibu uone kama kuna mahali pameandikwa "washa moto". Hakuna. Kilichoandikwa ni kuweka akiba, kutotapanya. Mtu mwenye akiba ndogo ya mkaa hafungui mlango wa jiko aupepee; anaufunika kwa majivu ili ufike asubuhi.

Hapo hapo nikutoe hofu ya neno "figo". Tabibu wa Kichina akisema figo, shen, anataja zaidi ya viungo viwili vinavyochuja mkojo. Anataja ukuaji, uzazi, mifupa, masikio, nguvu za kiuno, na ile akiba ya uhai niliyosema. "Baridi ya figo" kwake ni hali: miguu baridi, kukojoa mara kwa mara usiku, kiuno kizito. Si ugonjwa wa figo wa hospitali. Ila ukiona miguu au uso unavimba, au mkojo una povu lisiloisha, usimwendee mama wa mwenzako. Nenda ukapimwe mkojo na damu.

Sasa turudi chumbani kwako. China hukatwa katikati na mstari wa milima ya Qinling na Mto Huaihe. Kaskazini ya mstari huo serikali hupasha nyumba joto kwa nuanqi, mabomba ya maji moto yanayopita ukutani. Kusini yake watu hujitegemea wenyewe, na ndiyo maana mtu wa Shanghai hutetemeka ndani ya nyumba kuliko mtu wa Harbin. Beijing mabomba huwashwa Novemba 15 na kuzimwa Machi 15. Kwenu Harbin ni kuanzia Oktoba 20 hadi Aprili 20, nusu mwaka mzima. Nje Januari ni nyuzi 20 chini ya sifuri na usiku zaidi ya hapo, ndani ni 22 au 24, unakaa na fulana. Nami niliposoma Tianjin nililala dirisha wazi kidogo Januari, kwa joto, na mama yangu hakuamini nilipomwambia kwenye simu.

Hewa hiyo ya ndani ndiyo inayokutoa damu. Hewa ya nje yenye nyuzi 20 chini ya sifuri hubeba kama gramu 1 tu ya maji katika kila mita ya ujazo. Ikiingia ndani ikapashwa hadi nyuzi 23, ina nafasi ya kubeba kama gramu 20, na inazitafuta. Itazitoa kwenye midomo yako, kwenye ngozi ya visigino, na kwenye utando laini wa ndani ya pua. Wewe umekulia Tanga, mahali ambapo chumvi hulowana kwenye kibakuli. Juu ya ukavu huo ukaweka kondoo kila siku, tangawizi mara mbili, na mboga kidogo. Utando ukapasuka. Na ukishapasuka umeupa mlango uleule wa mafua uliotaka kuufunga, kwa sababu ule ute wa pua ndio mlinzi wa kwanza wa virusi.

Watu wa kaskazini walilijua hili zamani kuliko vipimo. Wana msemo kwamba ukila figili wakati wa baridi na tangawizi wakati wa joto, humhitaji daktari akuandikie dawa. Mgeni akiusikia anadhani umepinduliwa: mbona tangawizi ya moto iliwe kiangazi na figili ya baridi iliwe kipupwe? Ni kwa sababu wakati wa baridi watu hujifungia ndani kando ya moto, hula nyama nzito, hawatembei, na tumbo hujaa joto. Figili hulishusha na kulegeza choo. Kiangazi hunywa maji baridi na kula matikiti, tumbo likapoa, tangawizi hulipasha. Kwa hiyo mwanangu, kabla ya kununua kitu chochote, teremka sokoni ununue figili, ile nyeupe ndefu kama mkono wa mtoto, luobo. Ni bei ya kutupa.

Wiki hizi mbili za mwanzo fanya hivi. Acha kabisa chai ya tangawizi ya usiku. Wenyewe Wachina husema tangawizi ya asubuhi yashinda supu ya jinsengi, ule mzizi wao wa kutia nguvu, na ya usiku ni sawa na sumu. Wametia chumvi, lakini kwako wewe usiyelala msemo huo ni wa kweli tosha. Ya asubuhi ibaki vipande viwili vitatu vyembamba, sio kipande cha kidole gumba kilichopondwa. Kondoo apumzike. Kula uji wa xiaomi, ile nafaka ndogo ya manjano inayofanana na uwele wetu, kabichi ya Kichina iliyochemshwa na doufu, ile jibini ya soya, mayai, samaki, na figili kila baada ya siku moja. Usiku chemsha tunda la pea. Limenye, likate vipande, tia sukari mawe kidogo na kipande cha yin'er, ule uyoga mweupe unaouzwa mkavu, ambao kwanza uloweke mpaka ufumuke. Acha kwenye moto mdogo mpaka uyoga utoe ute kama wa mlenda. Kula ukiwa vuguvugu. Kiini cha dawa hiyo ni maji, sukari kidogo na ute, sitakudanganya kwamba kuna siri nyingine, lakini koo lako litashukuru usiku huohuo. Pale Harbin utaona pia mapea meusi yaliyoganda kama mawe, dongli, yanayouzwa barabarani. Yayeyushwe kwenye maji ya baridi kwanza, na kwa sasa usiyale yakiwa ya barafu.

Chumbani tandika taulo lililoloa juu ya bomba la nuanqi, weka na beseni la maji chini yake. Ndani ya pua paka vaselini kidogo kwa kidole safi kabla ya kulala. Damu ikitoka, inamisha kichwa mbele, si nyuma kama tulivyofundishwa utotoni, na ubane sehemu laini ya pua kwa dakika 10 hadi 15 bila kuchungulia. Ikipita dakika 20 bado inatoka, hospitali. Na kwa kuwa imetoka mara kadhaa, pima presha. Nitakuambia baadaye kwa nini.

Ukishatulia, ndipo tuzungumze supu ya kondoo, maana sitaki ufikiri nimeipiga marufuku. Supu hiyo ina heshima yake. Inahusishwa na Zhang Zhongjing, tabibu wa mwishoni mwa enzi ya Han, yule aliyeandika kwamba ukoo wake ulikuwa na watu zaidi ya mia mbili, na ndani ya miaka isiyofika kumi tangu mwaka 196 theluthi mbili yao walikufa, saba katika kila kumi kwa magonjwa ya baridi na homa. Mtu aliyezika ndugu kiasi hicho hachezi na maneno. Supu yake ina vitu vitatu tu: kondoo, tangawizi mbichi na mzizi wa danggui. Angalia sasa alimwandikia nani: wenye maumivu ya tumbo yatokanayo na baridi, na wanawake waliotoka kujifungua wanaosokotwa na tumbo. Ni mtori wa Kilimanjaro, ni uji wa pilipili manga anaopewa mzazi kule Pemba akiwa ndani ya arobaini. Bibi zetu wa pwani waligawa vyakula kuwa vya moto na vya baridi kabla hatujasikia habari za yin na yang, na hakuna bibi aliyempa kila mtu wa nyumbani uji wa mzazi kutwa kucha miezi mitatu. Wewe umekunywa dawa ya mzazi huku huna mtoto.

Kwa mtu mzima mwenye afya, mara moja kwa wiki katika siku za baridi kali zaidi inatosha. Kondoo nusu kilo, mchemshe kwanza dakika chache umwage maji yenye povu. Weka maji mapya, tangawizi gramu 30, danggui isizidi gramu 10, na moto mdogo saa moja na nusu. Nusu saa ya mwisho ongeza figili na chumvi. Inatosha watu watatu, kwa hiyo waite wenzako. Danggui usiitie kabisa ikiwa hedhi yako ni nzito, ikiwa una mimba, au ikiwa unatumia dawa za kuzuia damu kuganda kama wafarini, kwa kuwa huongeza uwezekano wa kutoka damu. Na kwa sasa, pua ikiwa bado inavuja, pia hapana. Bila danggui itabaki supu nzuri ya kondoo.

Huyo Zhang Zhongjing ndiye pia anayesimuliwa kuwa alitengeneza jiaozi za kwanza, zile chapati ndogo zilizokunjwa na nyama ndani, akawapa maskini ambao masikio yao yalikuwa yakioza kwa baridi, na kwamba umbo lake ni la sikio. Ndiyo maana siku ya Dongzhi, yenye usiku mrefu kuliko zote, Desemba 21 au 22, kaskazini yote hula jiaozi, na watoto huambiwa asiyekula masikio yatadondoka. Hadithi husema alitia na pilipili kali. Pilipili hiyo ilifika China kutoka Amerika zaidi ya miaka elfu baadaye, kwa hiyo hadithi ibaki hadithi. Lakini jiaozi wewe kula, hasa za kabichi iliyochachushwa, suancai, ambayo ndiyo ladha ya Kaskazini Mashariki. Chumvi yake tu ndiyo uiangalie.

Vyakula vingine vya msimu utavikuta hukohuko na vingine utavitambua. Shanyao, kile kirefu chenye ute kinachowasha mikono ukikimenya, ni ndugu wa kiazi kikuu cha kwetu. Hutuliza tumbo na hakipandishi moto. Hongzao, tunda jekundu kavu lililokunjamana ambalo Wachina hulitia kila mahali, ni jamaa ya kunazi. Ukila moja kavu ukafumba macho utafika mtaani kwenu. Tatu au nne kwa siku zinatosha, zina sukari nyingi. Kuna vyeusi, ambavyo rangi yake ndiyo hupewa figo katika nadharia: ufuta mweusi, maharage meusi, uyoga wa mu'er. Kwamba weusi ndio unaokwenda kwenye figo, hilo mimi nalichukulia kama njia ya wazee ya kukumbuka orodha. Ufuta una mafuta mazuri, maharage yana protini na nyuzinyuzi, na choo chako kinavihitaji vyote viwili, figo zikiwa zimeguswa au hazikuguswa. Siku ya nane ya mwezi wa kumi na mbili wa kalenda yao hupika Laba, uji wa nafaka, maharage, karanga na hongzao chungu kimoja. Kwa maoni yangu huo ndio ushauri bora wa baridi uliomo ndani ya jikoni lote la Kichina.

Sasa lile kopo lako. Ejiao ni gundi ya ngozi ya punda iliyochemshwa muda mrefu, na sifa yake kubwa hutoka Dong'e, mkoa wa Shandong. Hupewa watu wenye upungufu wa damu kwa lugha ya tiba ya Kichina, hasa wanawake, na msimu wake ni huu huu wa baridi. Kopo lako pengine ni lile lililochanganywa na ufuta, hongzao na jozi, zile njugu zenye umbo la ubongo. Ni tamu, najua. Lifunge, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni ya tiba yenyewe. Ejiao ni nzito na hunata, na kanuni ya zamani ni kwamba mtu mwenye mafua hapewi dawa ya kujenga. Husema huko ni kufunga mlango mwizi akiwa ndani. Wewe umekuwa na mafua, ukafunga mlango, mwizi amelala sebuleni. Hata mafua yakiisha, tumbo lako halijawa tayari. Tukiiacha nadharia kando, ejiao kwa sehemu kubwa ni kolajeni, na ushahidi wa kitabibu unaoihalalisha bei yake ni mwembamba. Ukidhani huna damu ya kutosha, pima hemoglobini na madini ya chuma. Ukikutwa na upungufu, vidonge vya chuma ni rahisi na vinajulikana vinafanya nini.

Ya pili ni ya kwetu. Punda wa China wamepungua, ngozi zikaanza kutafutwa Afrika. Kenya ilifungua machinjio, punda wakawa wanaibwa usiku, mama aliyekuwa akibebewa maji na mnyama wake akaamka akakuta mabaki. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kuzuia kuchinja punda kwa ajili ya ngozi. Mimi sijawahi kumwandikia mgonjwa ejiao na siko njiani kuanza. Mama wa mwenzako mshukuru kwa mikono miwili, usimrudishie kopo usoni. Alikupa kwa mapenzi na si kitu rahisi. Sema tu tabibu wako amekuambia usubiri.

Miguu sasa. Miguu baridi ndiyo iliyoanzisha yote haya, na dawa yake haikuwa tumboni. Usiku, saa moja kabla ya kulala, tia maji ya nyuzi 40 hivi kwenye beseni refu yafike juu ya kifundo, uyapime kwa kiwiko kama unavyopima ya mtoto. Kaa dakika 15 hadi 20, ongeza ya moto kidogo kidogo. Ukiweza tia konzi ya aiye kavu, majani ya jamii ya pakanga yanayouzwa kila duka la dawa, yana harufu nzuri. Usipokuwa nayo, maji matupu yanatosha. Acha pale paji la uso linapoanza kuwa na unyevu. Ukitiririka jasho umezidisha, na ndipo lile neno la "usimwage jasho" linapohusika. Futa mpaka katikati ya vidole, vaa soksi, ingia kitandani. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni asifanye bila kipima joto, wameungua wengi bila kujua.

Hiyo ni kwa miguu iliyopoa. Miguu au masikio yaliyokufa ganzi nje yakawa meupe na magumu ni habari nyingine: usiyasugue, usiyapake theluji kama wazee wengine watakavyokuambia, wala usiyatie kwenye maji ya moto. Maji ya vuguvugu, nyuzi 37 hadi 39, taratibu, na yakitoa malengelenge nenda hospitali. Viatu vyako viwe vikubwa kiasi cha kidole kucheza. Soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana hupoza mguu kuliko soksi moja. Kofia ishuke masikioni. Shingo na kiuno vifunikwe, hata kama wasichana wenzako wanapita na koti lililo wazi. Wao wana suruali ya ndani nene msiyoiona.

Kuna sehemu mbili ambapo kweli Uafrika wako unahesabika, na hizi mama wa Harbin asingeweza kuzijua. Moja ni jua. Kitabu kile kikongwe kinasema usubiri jua, lakini kwenu Desemba jua huchomoza baada ya saa moja asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni, tena linapita chini chini. Katika latitudo ile, miezi hii, miale inayotengeneza vitamini D ni kidogo mno hata kwa mweupe, na ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi. Toka nje saa sita mchana utembee nusu saa, kwa ajili ya moyo na akili, ila usitegemee hilo kwa vitamini. Pima kiwango chako. Nyongeza ya IU 600 hadi 800 (IU ni kizio cha vitamini) kwa siku ni kipimo cha kawaida kwa mtu mzima asiye na upungufu mkubwa. Kikikutwa chini sana daktari atakupandishia. Nina hakika sehemu ya uchovu wako na kiuno kizito, kama unavyo, itafutwe hapo kabla ya kwenye figo.

Ya pili ni sikoseli. Kama wewe au yeyote kwenu ana selimundu, baridi ya ghafla na kukaukiwa maji ni vichocheo vikubwa vya maumivu makali. Mwenye ugonjwa huo asitoke kwenye nuanqi moja kwa moja hadi nyuzi 20 chini bila kujifunika mdomo na pua, anywe maji hata bila kiu, na maumivu ya mifupa asiyatibu kwa supu wala kwa moxa, ule moto wa majani ya aiye unaowekwa karibu na ngozi. Huyo ni wa hospitali.

Kuhusu mafua yenyewe nitasema kifupi, maana hayana uchawi. Mafua huja na virusi, na virusi hustawi mnapojifungia watu sita chumba kimoja na madirisha yamefungwa. Fungua dirisha dakika 10 mara mbili kwa siku hata kama mwenzako atapiga kelele. Nawa mikono ukitoka kwenye basi. Chanja chanjo ya homa ya mafua kila vuli, Oktoba ijayo usichelewe. Ukishaumwa, maji ya moto, uji, na kulala. Zhang Zhongjing huyohuyo, akimpa mgonjwa mchemsho wake wa vijiti vya mdalasini, aliagiza anywe na bakuli la uji wa moto juu yake, ajifunike, atoe jasho jepesi tu, lisitiririke. Kwa miaka yangu ya kazi nimeona uji na blanketi vikitenda zaidi ya mdalasini, ila usimwambie mwalimu wangu.

Tahadhari na dawa za pakiti. Baadhi ya dawa za mafua za chengachenga zenye picha ya majani juu ya boksi zina parasetamoli ndani yake. Ukinywa hizo na vidonge vyako vya homa, umemeza mara mbili, na ini ndilo linalolipa. Nyingine zina mmea wa mahuang, ambao hupandisha presha na kukimbiza moyo. Gancao, mzizi mtamu ulio karibu katika kila mchanganyiko, ukinywewa kwa wiki nyingi hupandisha presha na kushusha potasiamu. Ndiyo sababu nimekuambia upime presha. Na mtu asikuuzie fuzi uichemshe mwenyewe kwa ajili ya "figo baridi". Ni mzizi wenye sumu inayosimamisha moyo usipopikwa sawasawa, na kila baridi kali kuna watu huzidiwa nao mezani kwao. Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, makumi ya wanawake waliharibikiwa figo za kweli kwa mitishamba ya kupunguza uzito iliyochanganywa na mmea wenye asidi ya aristolokia. Ukitaka mchemsho, nenda hospitali ya tiba ya Kichina yenye leseni, ushikwe mapigo, uwaambie dawa zako zote. Homa ya nyuzi 39 ikipita siku tatu, au ukishindwa kupumua, uende moja kwa moja mapokezi ya dharura ya hospitali ya kawaida.

Umesema ni Januari, basi uko ndani ya zile siku walizozihesabu wao. Kuanzia Dongzhi hugawa vipindi tisa vya siku tisa tisa, siku 81. Tisa ya kwanza na ya pili mikono haitoki mfukoni, tisa ya tatu na ya nne watu hutembea juu ya barafu. Hizo mbili huangukia kati ya Januari 9 na 26 hivi, na ndipo supu yako ya wiki ina haki yake, pua ikiwa imepona. Zamani watu walichora tawi la ua lenye petali 81, wakapaka rangi petali moja kila siku mpaka baridi iishe. Chora ukipenda, ubandike juu ya kitanda. Ila hesabu hiyo ilitungwa nchi ya Mto Manjano, mbali kusini mwenu. Petali ya mwisho utaipaka kama Machi 11, wenzako wa Beijing wataanza kuposti maua, na kwenu Mto Songhua bado utakuwa umeganda. Suruali ya ndani usiivue mpaka Aprili.